Kukata silabi na kuweka mkazo kwenye maneno marefu ya Kiingereza

Kiswahili kina kanuni moja ya mkazo, nayo inatawala karibu maneno yote: sauti hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. M-VU-vi, sa-NGA-ra, mwa-LO-ni, U-ke-RE-we. Ukirefusha neno, mkazo unasogea wenyewe bila mtu kufikiri: SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Kiingereza hakina kanuni moja ya namna hiyo. Ndiyo maana mhudumu wa hoteli pale Capri Point, Mwanza, anaweza kumwambia mgeni neno sahihi, mahali pake, na mgeni bado akauliza mara ya pili na ya tatu. Herufi zote zimetamkwa. Kilichokosewa ni mahali pa mkazo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayelazimika kutumia maneno marefu ya Kiingereza kila siku: mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, muuguzi, mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara, mwongoza watalii anayepeleka wageni Kisiwa cha Saanane. Lengo si kuongea kama Mwingereza. Lafudhi ya Kanda ya Ziwa si kosa na haina haja ya kufutwa. Mkazo ni jambo jingine, ni sehemu ya neno lenyewe kama zilivyo herufi zake. Kwa Kiswahili tunalijua hilo: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, lakini kazi iliyofanyika ba-RA-ba-ra ni kazi iliyofanyika sawasawa.

Katika maelezo yote, silabi zinatenganishwa kwa kistari na silabi yenye mkazo inaandikwa kwa herufi kubwa. Pale inapobidi kuonyesha matamshi, neno linaandikwa kwa sauti za Kiswahili, pamoja na alama moja ya kamusi, ə, ambayo ni e iliyopinduliwa. Hiyo ni irabu dhaifu iitwayo shwa. Itaelezwa mbele, kwa sababu bila hiyo kazi yote ya mkazo inabaki nusu.

Unachohitaji

Penseli, daftari, simu inayorekodi sauti, na kamusi ya wanafunzi yenye alama za matamshi. Kamusi nyingi za aina hiyo zinapatikana bure kwenye simu na zina kitufe cha kusikiliza neno. Kabla ya kuitumia, jua mambo mawili kuihusu.

La kwanza ni alama ya mkazo. Katika kamusi nyingi, kijistari cha juu, ˈ, hukaa mbele ya silabi yenye mkazo mkuu, na kijistari cha chini, ˌ, hukaa mbele ya silabi yenye mkazo mdogo. Baadhi ya kamusi za Marekani huweka alama nyuma ya silabi. Ukishika kamusi usiyoizoea, fungua neno unalolijua vizuri, kama TEACH-er, uone alama imekaa upande gani. Ukiruka ukaguzi huu unaweza kujifunza mamia ya maneno kwa mkazo uliosogea silabi moja.

La pili ni nukta ndani ya neno. Kamusi kadhaa hukata neno kwa nukta mahali panaporuhusiwa kuvunja mstari unapoandika. Nukta hizo hazilingani kila mara na silabi za kutamka. Ukitaka matamshi, soma sehemu ya matamshi.

Hatua ya 1: Hesabu sauti za irabu, usihesabu herufi

Weka kiganja chini ya kidevu na utamke neno polepole. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi moja. Kwa Kiswahili idadi ya irabu zilizoandikwa ni idadi ya silabi, ukiongeza zile za m na n zinazosimama peke yake, kama m- ya mvuvi. Kwa Kiingereza mambo matano yanaharibu hesabu hiyo.

E ya mwisho kwa kawaida haisikiki. MI-cro-scope ina silabi tatu, si nne.

Irabu mbili zilizokaa pamoja zinaweza kuwa sauti moja au mbili. Katika dis-EASE herufi ea ni sauti moja. Katika cre-ATE ni mbili. Katika SCI-ence, i na e ni sauti mbili: SAI-əns. Jicho halitakusaidia hapa, sikiliza kamusi.

Kuna silabi zisizo na irabu ya kusikika. Mwisho wa TA-ble, PEO-ple na BOT-tle, herufi l ndiyo inayobeba silabi. Vivyo hivyo m mwishoni mwa TOUR-is-m na OR-gan-is-m. Msemaji wa Kiswahili anayeijua m- ya mvuvi hapaswi kupata taabu hapa. Anachotakiwa ni kuacha kuongeza u mwishoni.

Kuna silabi zinazomezwa. Vegetable husemwa VEJ-tə-bəl, silabi tatu. Comfortable ni KAMF-tə-bəl, nazo ni tatu. Temperature, neno linalosemwa kila saa kwenye vyumba vya baridi vya kiwandani, mara nyingi ni TEM-pri-chə. Unapoandika, herufi zote zinabaki.

La tano ndilo linalosumbua zaidi: -ed ya wakati uliopita. Inaongeza silabi pale tu neno linapoishia na sauti ya t au d. In-spect inakuwa in-SPEC-ted, silabi tatu, na re-ject inakuwa re-JEC-ted. Lakini packed, washed, cleaned na weighed zote ni silabi moja moja, na processed ni mbili. De-VEL-oped ni tatu. Anayesoma ripoti akisema “wash-ed” na “pack-ed” anaongeza silabi isiyokuwepo kila mara kitenzi kinapotokea, na katika ripoti ya uzalishaji vitenzi hivyo vinatokea karibu kila mstari. Kiambishi -es nacho kina sheria yake: huongeza silabi baada ya sauti za s, z, sh, ch na j. BOX-es ni mbili, PRO-cess-es ni tatu, lakini SAM-ples inabaki mbili kama ilivyokuwa.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kupachika irabu katikati ya konsonanti zilizofuatana. IN-fra-struc-ture ina silabi nne. Ukiingiza i au u ndani ya fr na str zinafika saba, na baada ya hapo hakuna mkazo utakaoliokoa neno. Dawa yake ni kutamka str peke yake bila irabu, kwa kuanza na s ndefu: ssss-tra, mara kumi, kisha kulirudisha kundi hilo ndani ya neno.

Hatua ya 2: Kata neno

Anza kwa kuondoa viambishi. Ficha kwa kidole vya mbele, kama un-, re-, dis-, mis-, inter- au micro-, na vya nyuma, kama -ing, -ly, -ment, -tion, -ity na vingine. Kinachobaki katikati ndicho ukate.

Konsonanti mbili katikati ya irabu mbili hugawanywa: car-pen-ter, hos-pi-tal, com-mit-tee. Usigawe ch, sh, th, ph wala ck, kwa sababu kila jozi ni sauti moja. Makundi kama br, tr, pl na gr kwa kawaida hukaa pamoja mwanzoni mwa silabi. Konsonanti ikiwa moja, mara nyingi huenda mbele pale irabu ya kwanza inaposomwa kwa jina lake la alfabeti, kama pi-lot na stu-dent. Irabu ikiwa fupi, konsonanti hubaki nyuma: riv-er, cab-in. Kundi la konsonanti na -le hukaa peke yake: ta-ble.

Usipoteze muda mwingi hapa. Ukikata ri-ver badala ya riv-er, hakuna msikilizaji atakayepotea njia. Hatua hii ipo ili uone silabi ngapi na zinaanzia wapi, basi. Ukiwa na dakika kumi za kujifunza, mbili zitumie kukata na nane uzipeleke kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tafuta mkazo kuanzia mkiani

Hapa ndipo penye kazi. Neno fupi la Kiingereza halina dalili ya mkazo wake. Unalijifunza moja moja. Neno refu kwa kawaida lina mkia, yaani kiambishi tamati, na mkia ndio unaosema mkazo uwe wapi. Kwa hiyo neno refu, ingawa linatisha kwa macho, mara nyingi ni rahisi kuliko fupi. Usianzie mwanzo. Nenda mwisho wa neno, tambua mkia, kisha hesabu kurudi nyuma.

Mikia iko makundi manne.

Kundi la kwanza linakubaliana kabisa na Kiswahili: mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Ni maneno yanayoishia -tion, -sion, -ic, -cian, -cial na -cious. Ex-am-i-NA-tion, in-FEC-tion, pro-FES-sion, sci-en-TIF-ic, e-lec-TRI-cian, com-MER-cial. Tumia mkazo wako wa nyumbani bila woga. Vighairi vya -ic ni vichache na vinafaa kukaririwa: AR-a-bic, CATH-o-lic, POL-i-tics, na a-RITH-me-tic ikiwa nomino.

Kundi la pili ndilo mtego mkubwa kwetu: mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Humo mna -ity, -ical, -logy, -graphy, -nomy, -ify, -ate ya maneno yenye silabi tatu au zaidi, na -meter ya vifaa vya kupimia. Se-CU-ri-ty, e-lec-TRIC-i-ty, po-LIT-i-cal, bi-OL-o-gy, ge-OG-ra-phy, e-CON-o-my, re-FRIG-er-ate, con-TAM-i-nate, cer-TIF-i-cate, ther-MOM-e-ter. Vipimo vya urefu haviko hapa: CEN-ti-me-tre na MIL-li-me-tre vina mkazo mwanzoni.

Kundi hili linaingia pia maneno yanayoishia -ia, -ial, -ian na -ious pale i inaposikika kama silabi yake. Na hapa Kiswahili chenyewe ndicho kinachotuvuta vibaya, kwa sababu tumeyachukua maneno hayohayo na kuyapa mkazo wetu. Sisi tunasema ma-la-RI-a, Kiingereza ni ma-LAR-i-a. Sisi bak-te-RI-a, Kiingereza bac-TE-ri-a. Ziwa letu kwa Kiswahili ni Vik-to-RI-a, kwa Kiingereza vic-TO-ri-a. Bil-HAR-zi-a na pneu-MO-ni-a zinafuata njia hiyohiyo, na p ya pneumonia haitamkwi. Mwongoza watalii akirekebisha neno moja tu, liwe Victoria, maana atalisema mara nyingi kuliko mengine yote. Jina la nchi halifuati kanuni hii: tan-za-NI-a ina mkazo kwenye ni katika lugha zote mbili.

Maneno mengine ya mkopo yana hatari hiyohiyo, na yanafaa kuandikwa kwa jozi daftarini, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Tek-no-lo-JI-a na tech-NOL-o-gy. Ji-o-gra-FI-a na ge-OG-ra-phy. De-mo-kra-SI-a na de-MOC-ra-cy. Hos-pi-TA-li na HOS-pi-tal. Me-NE-ja na MAN-a-ger. Te-le-vi-SHE-ni na TEL-e-vi-sion, ambayo pia ni kighairi cha -sion. Mengine yanaelewana na hayana haja ya kazi: kom-PYU-ta na com-PU-ter, ho-TE-li na ho-TEL, po-LI-si na po-LICE. Katika ho-TEL na po-LICE mkazo uko silabi ya mwisho ya Kiingereza, na ile i ya Kiswahili ndiyo iliyoisogeza ikawa ya pili kutoka mwisho. Ukitaka mkazo wa Kiingereza, sema neno la Kiswahili kisha dondosha irabu ya mwisho.

Kundi la tatu: mkia wenyewe unachukua mkazo. Ni -ee, -eer, -ese na -ette. Train-EE, em-ploy-EE, ref-er-EE, en-gi-NEER, vol-un-TEER, Chi-NESE. Vighairi vinavyotumika sana ni COF-fee na com-MIT-tee.

Kundi la nne ni mikia isiyogusa mkazo: -ing, -ed, -er, -ly, -ness, -ful, -less, -able, -ship, na -ment inapounganishwa na kitenzi. Neno linarefuka lakini mkazo unabaki ulipokuwa. De-VEL-op, de-VEL-op-ment. GOV-ern, GOV-ern-ment. REA-son, REA-son-a-ble, REA-son-a-bly. Hapa mkazo unaweza kuwa wa nne au wa tano kutoka mwisho, na ulimi uliozoea Kiswahili hutaka kuusogeza mbele kila silabi inapoongezeka, kama so-ME-sha na so-me-SHA-na. Zoezi ni kulisema shina mara tatu, kisha kuongeza mkia kwa sauti ya chini na ya haraka, bila kuinua tena.

Mikia ikiwa miwili au mitatu, ondoa kwanza ile ya kundi la nne kutoka mwisho, kisha mkia wa kwanza utakaoukuta wa kundi jingine ndio wenye amri. Electrically: toa -ly, unabaki na -ical, mkazo wa tatu kutoka mwisho, e-LEC-tri-cal, na -ly inarudi bila kubadili kitu. Katika kutamka, -ically ni silabi mbili tu, -ikli. Neno trace-able, linalojulikana sana kwenye biashara ya minofu inayokwenda nje, lina mkazo mwanzoni: TRACE-a-ble. Likipata -ity, amri inahamia kwa -ity: trace-a-BIL-i-ty.

Kwa sababu hiyo jifunze maneno kwa ukoo. Usiandike politics peke yake. Andika POL-i-tics, po-LIT-i-cal, pol-i-TI-cian. Andika e-CON-o-my, ec-o-NOM-ic, e-CON-o-mist. Andika MI-cro-scope, mi-cro-SCOP-ic, mi-CROS-co-py. Mwanafunzi anayeona mkazo ukihama ndani ya ukoo mmoja huelewa kwa siku moja kile ambacho orodha ya maneno yasiyohusiana haiwezi kumpa kwa muhula mzima.

Maneno ya silabi mbili hayana msaada wa mkia, lakini yana mwelekeo: nomino nyingi huwa na mkazo mwanzoni, vitenzi vingi mwishoni. Bandarini na ofisini jozi hizi zinatokea daima: EX-port ni nomino, ex-PORT ni kitenzi, vilevile IM-port na im-PORT, PER-mit na per-MIT, REC-ord na re-CORD. Kwa kuwa mkazo wetu wa pili kutoka mwisho ni uleule wa kwanza katika neno la silabi mbili, nomino tunazipata bila jasho na vitenzi tunavikosa. Basi nguvu zote ziende kwenye vitenzi.

Hatua ya 4: Mkazo mdogo

Neno likiwa na silabi mbili au zaidi kabla ya mkazo mkuu, moja kati ya hizo hupata mkazo mdogo. Haupendi kukaa jirani na mkazo mkuu, kwa hiyo huangukia silabi ya kwanza au ya pili. Kujua ni ipi, tazama neno mama. Con-TAM-i-nate ina mkazo kwenye tam, kwa hiyo contamination ina mkazo mdogo palepale tam na mkuu kwenye na. VAC-ci-nate inaanza na vac, kwa hiyo vaccination ina mdogo kwenye vac. In-FORM ingeleta mkazo mdogo kwenye form, lakini hapo ni jirani na ma ya information, hivyo unarudi nyuma hadi in.

Ukiukosa mkazo mdogo hutakosa kueleweka. Lakini ukiupa nguvu sawa na mkuu, msikilizaji anasikia maneno mawili. Upe kama nusu ya nguvu.

Hatua ya 5: Dhoofisha zilizobaki

Kwa Kiswahili silabi isiyo na mkazo bado ina irabu yake kamili: a ni a, o ni o. Kwa Kiingereza silabi isiyo na mkazo huwa fupi, na mara nyingi irabu yake hugeuka kuwa ə. Kuipata, legeza midomo na ulimi kabisa, usitabasamu, usikunje midomo, kisha toa sauti fupi. Si a wala e, ni sauti ya mdomo uliolegea.

Tazama ukoo wa photograph. PHO-to-graph husomwa FOU-tə-graf. Pho-TOG-ra-pher husomwa fə-TOG-rə-fə. O mbili zimebadilishana: iliyokuwa kamili imekuwa dhaifu, na dhaifu imekuwa kamili. Mtu anayetamka o zote kwa ukamilifu anafunika mkazo hata kama ameuweka mahali sahihi, kwa kuwa hakuna silabi iliyoshuka ili nyingine ionekane imepanda. Hili ndilo kosa linalobaki kwa watu wanaojua kanuni zote za hatua ya tatu. Wanaongeza sauti kwenye silabi yenye mkazo mpaka wanapiga kelele, ilhali walitakiwa kupunguza kwingine.

Kwenye silabi yenye mkazo, usitegemee ukali wa sauti. Vuta irabu iwe ndefu na uinue sauti kidogo. Vuta A ya NA-tion hadi ichukue muda wa silabi mbili za jirani, halafu zipitie nyingine haraka.

Mikia kadhaa husomwa dhaifu kuliko inavyoandikwa, na watu huikosea kwa kuiamini herufi. Certificate huishia -kət, si -keit. Climate ni KLAI-mət. Village ni VIL-ij. Surface huishia -fis. Lakini -ate ya vitenzi ni kamili: contaminate huishia -neit. Neno ES-ti-mate lina sura mbili kwa sababu hiyo: kama nomino huishia -mət, kama kitenzi -meit.

Hatua ya 6: Jenga neno kutoka nyuma

Usirudie neno zima kuanzia mwanzo. Utakuwa unarudia kosa. Anza na silabi ya mwisho na uongeze moja moja kwa mbele. Refrigeration:

shən
REI-shən
jə-REI-shən
frij-ə-REI-shən
ri-frij-ə-REI-shən

Kila mstari useme mara tatu kabla ya kupanda. Faida yake ni kwamba mkazo mkuu, ambao mara nyingi uko karibu na mwisho, unausema tangu mstari wa pili, na kila silabi unayoongeza inaukuta umeshakaa. Ukikwama, shuka mstari mmoja, usianze upya kabisa.

Chukua sasa jina la Kiingereza la kichocho, ugonjwa unaojulikana mno kwenye mwambao wa ziwa: schistosomiasis. Kiganja chini ya kidevu: silabi sita, schis-to-so-mi-a-sis. Mkia ni -iasis, ambao mkazo wake hukaa kwenye i na husomwa ai. Mkazo mdogo ni silabi ya kwanza. To na so zinadhoofika. Matokeo: shis-tə-sə-MAI-ə-sis. Jenga: sis, ə-sis, MAI-ə-sis, sə-MAI-ə-sis, tə-sə-MAI-ə-sis, kisha zima. Kosa la kawaida ni kusoma mi kama mi ya Kiswahili na kuweka mkazo kwenye a inayofuata.

Eutrophication, hali ya maji kujaa virutubisho ambayo huchochea magugu maji, ina silabi tano: eu-tro-phi-CA-tion. Mkia -tion, kundi la kwanza, mkazo wa pili kutoka mwisho. Mwanzo ni yu: yu-trə-fi-KEI-shən. Jina la magugu yenyewe, hyacinth, ni HAI-ə-sinth, silabi tatu, mkazo mwanzoni.

Responsibility ni silabi sita: mkia -ity, mkazo wa tatu kutoka mwisho, yaani bil. Mkazo mdogo unatoka kwa mama yake, re-SPON-si-ble, uko kwenye spon: ri-spon-sə-BIL-ə-ti. Ichthyologist, mtaalamu wa samaki, linatisha kuliko linavyostahili. Ich husomwa ik, thy ni silabi moja, na -logist hufuata -logy: ik-thi-OL-ə-jist.

Mazoezi ya kila siku

Maneno matano kwa siku yanatosha, na yawe yale utakayoyatumia kesho yake kazini au darasani. Kwa kila neno andika mistari mitatu: neno zima, neno lililokatwa, na ramani ya mkazo kwa duara kubwa na ndogo. Biology, geography, security, thermometer na bacteria zote ni oOoo. Scientific, economic, sanitation na politician ni ooOo. Hospital, manager, chemistry, history na cholera ni Ooo. Panga daftari kwa ramani hizi, usilipange kwa alfabeti. Ukijua neno moja la kundi, mengine yanalifuata kwa mdundo.

Rekodi usiku, sikiliza asubuhi. Ukisikiliza papo hapo, sikio linasikia ulichokusudia badala ya ulichosema. Kisha cheza sauti ya kamusi na yako kwa kufuatana na uulize jambo moja tu: silabi ndefu ni ileile?

Darasani penye wanafunzi wengi, mwalimu hahitaji vifaa. Agonge meza mdundo wa ramani moja bila kusema neno, na wanafunzi wachague kati ya maneno matatu ubaoni ni lipi. Wakishazoea, mwanafunzi mmoja agonge na wenzake watafute. Kupiga makofi kwa nguvu sawa kwenye kila silabi, kama inavyofanyika sana, kunafundisha hesabu ya silabi na kuua mkazo. Kofi liwe moja tu, kwenye silabi yenye mkazo, nyingine ziguswe kwa kidole.

Kamusi ikionyesha mikazo miwili

Hutokea. Laboratory kwa Uingereza ni lə-BOR-ə-tri, kwa Marekani LAB-rə-tor-i. Controversy Waingereza wenyewe huisema KON- au -TROV-. Kilometre husikika KIL-o-me-tre na ki-LOM-e-tre. Shule zetu zinafuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo ni rahisi kushika matamshi ya huko, lakini anayefanya kazi na Wamarekani achukue ya kwao. Kinachochanganya msikilizaji ni kuchanganya: silabi za Uingereza na mkazo wa Marekani ndani ya neno moja. Chagua moja, iandike daftarini kwa kalamu, na ile nyingine uitambue tu unapoisikia.